Daftari la Msimu wa Juzi Liko Wapi? Mwongozo wa Kutunza Kumbukumbu za Biashara Mtwara na Lindi

Mtu anayekuja kuuliza kumbukumbu ya biashara haji siku karatasi inapoandikwa. Anakuja miaka mitatu baadaye, mwezi wa Machi, mvua inanyesha, na karani aliyeiandika keshahamia Tunduru. Pengine ni ofisa wa TRA anayekagua mwaka wa 2022. Pengine ni mkulima wa Kitangari anayesema kilo zake hazikulipwa zote. Pengine ni benki inayotaka hesabu za miaka ya nyuma kabla ya kukukopesha, au watoto wa mbia wako aliyefariki. Kila mmoja anataka karatasi yake, na wote wanaitaka leo.

Mwongozo huu ni wa mwenye duka la vifaa vya ujenzi Masasi, mwenye nyumba ya wageni Mikindani, mnunuzi wa ufuta Nachingwea na karani wa AMCOS, yaani chama cha msingi cha ushirika, Tandahimba. Wenye kampuni kubwa zenye masijala na wakutubi wao watanisamehe. Nimeupanga kwa hatua, ila hatua hizi hazilingani uzito. Ya pili, ya tatu na ya nne ndizo zenye kazi. Nyingine unaweza kuzimaliza alasiri moja. Na nikuambie mapema: kununua kompyuta mpya si hatua ya kwanza wala ya pili. Kompyuta haijui risiti ipi inahusu nini. Hilo ni la kwako.

Hatua ya 1: Zunguka na kuandika, usihamishe kitu

Chukua daftari jipya la kaunta. Tutaliita daftari la masijala, na litakaa na biashara kwa muda wote itakapokuwapo. Pita kila mahali: droo ya kaunta, dashibodi ya gari, mkoba wa mke au mume, chumba cha nyuma, simu ya karani, makundi ya WhatsApp ambako madereva hutuma picha za hati za mzigo, barua pepe, mashine ya EFD inayotoa risiti za kodi. Kila ukikuta aina fulani ya kumbukumbu, andika ni nini, iko wapi, nani anaishika na inaanzia mwaka gani. Kisha jiulize kama ipo mahali pamoja tu. Ikiwa ndiyo, piga mstari mwekundu.

Mistari myekundu ndiyo kazi ya wiki hii. Utashangaa ni mingapi inaishia kwenye simu ya mtu mmoja.

Hatua ya 2: Ipe kila kumbukumbu umri wake

Anayeweka kila kitu milele hana tofauti kubwa na asiyeweka chochote, maana siku ya kutafuta hati moja atapekua magunia manane. Kila aina iwe na umri unaojulikana, na umri huo uandikwe kwenye uso wa boksi siku linapofungwa.

Tuanze na kodi. Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 inamtaka mlipakodi atunze nyaraka zake kwa muda usiopungua miaka mitano, na hesabu inaanzia mwisho wa mwaka wa mapato zinaohusika nao, si tarehe iliyopigwa kwenye risiti. Risiti ya saruji ya Februari 2021 ni ya mwaka wa mapato 2021, kwa hiyo mitano inatimia mwisho wa 2026. Mimi huongeza miezi sita na kuandika juu ya boksi: "Lisiharibiwe kabla ya Julai 2027."

Hapo kuna mtego unaowanasa hata wenye mahesabu mazuri. Fuso lililonunuliwa 2017 bado linakatwa uchakavu kwenye hesabu za 2023. Ankara ya kulinunua basi inahusika na 2023 pia, na umri wake unaanza upya kila mwaka gari linapoonekana kwenye hesabu. Aliyeichoma mwaka 2023 kwa kuwa "mitano imepita" amechoma ushahidi wa uchakavu wa miaka yote iliyofuata. Karatasi za mali ya kudumu, yaani gari, jenereta, mashine ya kubangua korosho au jengo, zitunzwe muda wote mali ipo, kisha mitano zaidi baada ya kuuzwa au kufutwa.

Mikataba ina hesabu nyingine. Sheria ya Ukomo, Sura ya 89, inampa mtu miaka sita ya kufungua madai yanayotokana na mkataba. Mkataba wa kupanga ghala uliokwisha 2020 usiuguse hadi 2027. Madai ya kurudishiwa ardhi yana miaka kumi na miwili, lakini usijisumbue kuhesabu: hati ya kiwanja, mkataba wa mauziano ya shamba na muhtasari wa serikali ya kijiji havina umri wa kuharibiwa. Huku kwetu shamba la mikorosho linauzwa kwa karatasi ya daftari yenye majina ya mashahidi na mhuri wa kijiji. Mashahidi wanakufa, mtendaji anahama, karatasi ile ndiyo inayobaki kusema. Kama umewahi kuchukua mikorosho ya mtu rehani, tunza karatasi ya rehani pamoja na ya kukombolewa kwake, zikiwa zimeshonwa pamoja.

Wafanyakazi: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataka maelezo ya ajira ya mfanyakazi yatunzwe miaka mitano baada ya kuachana naye. Ushahidi wa michango ya NSSF ningeuweka muda mrefu zaidi. Mtu anafuatilia mafao yake akiwa mzee, na mwezi mmoja usioonekana unaweza kumrudisha kwako baada ya miaka ishirini akiwa na fimbo na hasira.

Kisha zipo za kudumu: cheti cha usajili cha BRELA, katiba ya kampuni, namba ya mlipakodi (TIN), hesabu zilizokaguliwa, na kwa chama cha ushirika, masharti ya chama, sajili ya wanachama na mihtasari ya mikutano mikuu. Zote zinaweza kuingia kwenye boksi faili moja. Hilo ndilo boksi la kubeba kwanza moto ukiwaka.

Juu ya yote hayo, ukiwa na ukaguzi unaoendelea, pingamizi la kodi au kesi, umri wa kila karatasi inayohusika unasimama. Hakuna kuharibu hadi shauri limalizike kabisa, rufaa zikiwemo.

Hatua ya 3: Unganisha karatasi moja na nyingine

Hapa ndipo biashara za Kusini zinatofautiana na duka la Kariakoo. Mfumo wa stakabadhi ghalani ulipoanza kwenye korosho Mtwara mwaka 2007, mzigo mmoja ulianza kuzaa msururu wa karatasi. Mkulima anapima kwenye chama chake cha msingi na kupewa stakabadhi ya kilo. Chama kinapeleka mzigo ghala kuu na kupewa stakabadhi ya ghala. Mzigo unaingia mnadani chini ya chama kikuu, TANECU, MAMCU, RUNALI au Lindi Mwambao, ukiwa sehemu ya loti, yaani fungu linalouzwa pamoja. Mnunuzi analipa, makato yanatolewa, fedha inapita benki hadi akaunti ya mkulima. Kila kituo kina namba yake. Karatasi zote zinaweza kuwa salama kwenye kabati na bado usiweze kumjibu mkulima, kwa sababu hakuna kitu kinachoonyesha kwamba namba hii ni mzigo uleule wa namba ile.

Dawa ni daftari la viungo, au ukurasa wa Excel ukipenda, wenye mstari mmoja kwa kila stakabadhi ya mkulima. Andika namba ya mwanachama, namba ya stakabadhi, tarehe, kilo na daraja, kisha namba ya stakabadhi ya ghala ambako mzigo uliingizwa, namba ya loti, tarehe ya mnada, bei, jumla ya makato, na tarehe fedha ilipoingia benki. Mstari unaanzwa siku ya kupima na kukamilishwa siku ya malipo. Mstari wenye nafasi tupu baada ya mnada kupita unakuonyesha tatizo kabla mkulima hajalileta ofisini.

Andika kilo za kila kituo, hata kama zinalingana. Ugomvi mwingi wa korosho ni wa unyaufu: mzigo ulipimwa hivi chamani, ukapimwa vile ghalani, na tofauti ikaangukia kwa mtu. Mwenye kilo za vituo vyote viwili, zenye tarehe na sahihi, anazungumza kwa utulivu.

Usimtambue mtu kwa jina peke yake. Kijiji kimoja cha Newala kinaweza kuwa na akina Hamisi Bakari wanne, na mmoja wao leo kaandikwa Hamis, kesho Khamisi. Namba ya uanachama ndiyo jina lake kwenye kumbukumbu zako.

Kwa duka au nyumba ya wageni kanuni ni hiyohiyo kwa ufupi: hati ya malipo iandikwe namba ya ankara, ankara iandikwe namba ya risiti, na muamala wa benki au wa simu uandikwe kwa kalamu juu ya zote mbili.

Halafu kuna suala la mwaka. Korosho ya msimu wa 2023/2024 inaanza kuuzwa Oktoba na malipo yake yanaweza kuvuka Januari, ilhali kwa wengi wetu mwaka wa kodi ni Januari hadi Desemba. Chagua njia moja na uing'ang'anie: faili zifuate mwaka wa hesabu, na msimu uandikwe kwenye uso wa faili. Anayepanga nusu kwa msimu na nusu kwa mwaka atajikuta na Desemba mbili, au hana hata moja.

Majina ya mafaili ya kompyuta yaanze na tarehe, mwaka ukitangulia: 2024-10-18-ankara-0457-saruji. Kompyuta itayapanga yenyewe kwa tarehe. Majina kama "hesabu mpya", "hesabu mpya kabisa" na "hesabu sahihi tumia hii" yapigwe marufuku ofisini.

Hatua ya 4: Linda karatasi dhidi ya pwani

Adui wa kwanza wa karatasi ofisini ni karatasi yenyewe. Tangu mashine za EFD zilipoanza kutumika nchini mwaka 2010, sehemu kubwa ya ushahidi wetu wa manunuzi iko kwenye karatasi isiyotumia wino. Maandishi yake yanatokana na kemikali inayobadilika rangi kwa joto. Ukiiacha juu ya dashibodi ya gari Mtwara mjini, ndani ya muda mfupi una kipande cheupe, au cheusi. Mikono yenye mafuta, dawa ya kutakasa mikono na mifuko laini ya nailoni navyo vinaifuta. Wapo wanaoipeleka steshenari kupigwa leminesheni ili idumu. Joto la mashine ile huigeuza nyeusi papo hapo. Usifanye hivyo kamwe.

Toa kopi ya kawaida wiki ileile, kisha ishikize risiti na kopi yake pamoja. Hakikisha msimbo wa uhakiki unasomeka kwenye kopi, maana kwa huo risiti huhakikiwa TRA. Ikiwa risiti ni nyingi na kopi ni gharama, panga risiti sita kwenye ukurasa mmoja wa A4 na uzitoe kwa mara moja.

Adui wa pili ni hewa. Karibu na bahari pini za stepla hushika kutu, na kutu hula karatasi kuizunguka. Kwa kumbukumbu za muda mrefu toa pini na klipu za chuma, shona kwa uzi au tumia klipu za plastiki. Kabati la chuma ni zuri kwa mwizi na panya, lakini lisilopitisha hewa linatunza unyevu ndani. Liache na nafasi nyuma yake, lisigusane na ukuta wa nje.

Mchwa hawapandi kwa miujiza. Wanapitia ukutani na sakafuni. Maboksi yakae juu ya chaga au rafu, yakiwa yameachana na ukuta kiasi cha kupitisha mkono, ili njia yao ya udongo ionekane kabla hawajafika. Usiweke juu ya dari chini ya bati. Joto la pale linazeesha karatasi upesi. Wala usiweke kwenye ghala la korosho, salfa na viuatilifu hata kama ndiko kwenye nafasi. Ghala la mazao linaalika panya na wadudu, na panya hachagui kati ya gunia na leja.

Mafuriko nayo si hadithi. Lindi ilipata mafuriko makubwa Januari 2020, na Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilileta mvua zilizovunja barabara na madaraja upande wa Kilwa. Rafu ya chini kabisa iwe ya vitu ambavyo hutalia vikilowa.

Zikilowa hata hivyo, usikimbilie kuzianika juani wala kuzifungua kwa nguvu. Ukungu huanza ndani ya siku mbili hivi, kwa hiyo fanya kazi kwa haraka bila pupa. Tandaza kivulini penye upepo, weka karatasi nyeupe kavu katikati ya kurasa na uzibadilishe zikilowa. Ikiwa ni nyingi kuliko mikono iliyopo, zitie kwenye mifuko na uzigandishe kwenye friza. Barafu inasimamisha ukungu, na utazitoa chache chache kuzikausha. Wauza samaki wa feri wana mafriza makubwa, na nadhani ukimweleza mmoja wao vizuri, ukaahidi kufunga mifuko barabara, atakukubalia.

Msimu wetu wa mvua ni mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili ukielekea Mei. Katikati ya mvua usifungue maboksi ya zamani bila sababu. Subiri kusi, upepo wa miezi ya ukavu.

Hatua ya 5: Skani, lakini usitupe karatasi yenye mhuri

Simu nzuri na programu ya kuskani zinatosha kwa biashara nyingi. Skani kwa rangi, maana mhuri wa bluu na sahihi vinapotea kwenye nyeusi na nyeupe, na ukubwa wa nukta 300 kwa inchi unatosha kwa hati za kawaida. Hifadhi kwa PDF. Ukiiandaa kwenye kompyuta, ipo aina inayoitwa PDF/A, kiwango cha kimataifa tangu 2005, inayobeba ndani yake kila kinachohitajika kuifungua, hata aina za herufi. LibreOffice, ambayo ni ya bure, inaitengeneza kwa kuchagua kisanduku kimoja wakati wa kuhifadhi.

Baada ya kuskani, mtu wa pili ahesabu kurasa za karatasi na za faili. Ukurasa wa nyuma wenye sahihi za mashahidi ndio unaosahaulika.

Ukitumia steshenari, simama hapohapo hadi faili lako lifutwe kwenye kompyuta yao, na kwenye kapu la takataka pia. Kompyuta hizo zimejaa vyeti, hati za viwanja na vitambulisho vya mji mzima. Flashi iliyochomekwa pale isichomekwe ofisini kabla ya kukaguliwa virusi.

Je, skani inakubalika kisheria? Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inatambua kumbukumbu za kielektroniki kama ushahidi, ila mahakama hupima uzito wake kwa kuangalia ilivyotengenezwa, ilivyotunzwa, na kama inaaminika kwamba haikuchezewa. Ndiyo maana naandika kwenye daftari la masijala nani aliskani boksi gani na tarehe gani. Na karatasi yenye mhuri na sahihi ya wino ibaki hadi umri wake uishe.

Hatua ya 6: Nakala tatu, moja uweze kuifuata kwa miguu

Kanuni ya mafundi ni nakala tatu, kwenye vyombo vya aina mbili, moja ikiwa mbali. Kwa biashara ndogo hiyo ni kompyuta ya ofisini, diski ya nje, na hifadhi ya mtandaoni.

Naongeza sharti moja la huku kwetu. Mei 2024 wiki ya kwanza ilikuja na Hidaya na barabara ya Dar es Salaam ikakatika. Tarehe 12 mwezi huohuo nyaya za intaneti chini ya bahari zikapata hitilafu na mtandao nchini ukadorora vibaya. Mwenye nakala zake Dar na mtandaoni tu alikuwa mbali nazo zote mbili ndani ya mwezi mmoja. Basi diski ya nje ikae nyumba nyingine ambayo unaweza kuifikia bila basi na bila bando. Ofisi ikiwa Shangani karibu na maji, diski ipelekwe kwa mtu anayeaminika sehemu ya juu. Mwenye tawi Masasi au Nachingwea abadilishane nakala na tawi lake kila robo mwaka.

Flashi ni ya kubebea, si ya kutunzia. Ikikaa kabatini miaka bila umeme inaweza kupoteza ilichobeba. Diski ya nje ipe miaka mitano hivi kisha nunua nyingine na uhamishe kila kitu, hata kama ya zamani bado inazunguka. Andika tarehe ya kununua kwa kalamu ya wino usiofutika juu yake.

Diski ichomekwe wakati wa kunakili tu. Iliyochomekwa muda wote itaungua pamoja na kompyuta umeme ukirudi kwa kishindo, na virusi vinavyofunga mafaili kudai fedha vitaifunga nayo. Vilevile usidanganywe na folda inayojilinganisha na mtandao yenyewe: karani akifuta faili Jumatatu, na kule limefutwa Jumatatu. Nakala ya kweli ni ile isiyofuata makosa ya leo.

Hatua ya 7: Toa data kwenye mfumo kabla mfumo haujaondoka

Programu ya mahesabu unayolipia kwa mwezi inafunguka ukiwa umelipa. Kampuni ikifunga, au ukihamia nyingine, historia yako inabaki nyuma ya mlango. Kila mwisho wa mwaka toa leja kuu, urari, orodha ya wadaiwa na wadai, na orodha ya mali. Toa kila moja mara mbili: PDF ya kusomwa na CSV ya kuhesabiwa. CSV ni maandishi matupu yaliyotenganishwa kwa mkato, na programu yoyote ya majedwali itaifungua. Fanya hivyo kwa taarifa za benki na za miamala ya simu pia. Ziombe zikiwa bado zinapatikana kirahisi.

Kisha angalia akaunti zinasimama kwa jina la nani. Barua pepe ya biashara iliyofunguliwa kwa jina la karani ni ya karani. Laini ya simu ni hatari zaidi: imesajiliwa kwa alama za vidole vya mtu mmoja, na ndiyo inayopokea namba za siri za kuingilia mifumo. Akiondoka nayo kaondoka na funguo. Ikikaa muda mrefu bila kutumika, inaweza kufungwa na kupewa mteja mwingine. Laini za biashara zisajiliwe kwa jina la biashara, na maneno ya siri yaandikwe, yafungwe kwenye bahasha yenye sahihi juu ya gundi, yakae kwenye sefu.

Hatua ya 8: Za watu ni za watu

Akaunti ya benki ya mkulima, namba yake ya NIDA, nakala ya kitambulisho cha mgeni wa chumba namba 6: hizo ni taarifa binafsi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika Mei 2023, na inasimamiwa na tume yake. Inakutaka uchukue unachohitaji tu, ukitunze salama, na usikikalie baada ya haja kwisha. Orodha ya akaunti za wakulima isitumwe kwenye kundi la WhatsApp lenye watu mia, hata kama kila mtu ana haraka.

Hatua ya 9: Haribu kwa kuandika

Boksi likitimiza umri, mwenye biashara na mtu mwingine mmoja walipitie, waandike kwenye daftari la masijala kilichomo, sababu ya kuharibiwa, tarehe, na waweke sahihi. Kisha lichomwe wakiwa wamesimama pale. Kuuza karatasi kwa kilo kunaleta senti kidogo, na baadaye mteja wako atanunua karanga stendi zikiwa zimefungwa kwa fomu yake mwenyewe ya mkopo. Diski mbovu zivunjwe kwa nyundo. Simu za zamani zifutwe kabla ya kuuzwa.

Hatua ya 10: Panga mwaka wako

Julai ndiyo mwezi wangu. Kwa wanaofuata mwaka wa Januari hadi Desemba, ritani ya kodi ya mapato inakamilika kufikia 30 Juni, kwa hiyo mwaka uliopita umetulia na unaweza kufungiwa boksi. Kusi linavuma, hewa imekauka, na minada ya korosho bado haijaanza. Fungua maboksi yapigwe na upepo kivulini, kagua njia za mchwa, badilisha klipu zenye kutu, nakili diski, toa data ya mfumo. Wenye ufuta na mbaazi kule Ruangwa, Liwale na Nachingwea hawana Julai tulivu. Wao watafute wiki moja kati ya mazao hayo, ila wasiisogeze hadi kwenye masika.

Septemba hakikisha daftari la viungo la msimu mpya limepigwa mistari, na vitabu vya stakabadhi vimeandikwa namba ya kuanzia na ya kuishia. Oktoba hadi Januari usipange chochote kipya. Kazi ni kujaza mistari kila jioni kabla ya kufunga ofisi, hata foleni ikiwa ndefu. Mstari ulioachwa wa kesho hujazwa kwa kukisia.

Na kila Julai fanya jaribio moja. Mwite mtu ambaye si mfanyakazi wako, binamu au kijana aliyemaliza chuo, umpe daftari la masijala na maombi matatu: risiti fulani ya miaka minne iliyopita, mkataba uliokwisha, na malipo ya mwanachama mmoja kuanzia kilo hadi benki. Pia afungue faili moja kutoka kwenye diski iliyoko nyumba nyingine, kwa kompyuta isiyo yako. Wewe kaa kimya. Akilazimika kuuliza, au kumpigia karani wa zamani simu, andika swali lake na jibu alilopewa kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari. Mwaka unaofuata mpe mtu mwingine.